Tulivyouza Magazeti Yaliyokatazwa

Watu wanapozungumzia uhuru wa magazeti nchini Kenya, huwataja wahariri waliotiwa ndani, mawakili waliowatetea na mawaziri waliowaandama. Wana haki ya kutajwa. Lakini gazeti halitoki kwa mhariri likaruka hadi mkononi mwa msomaji. Kuna anayelichapa, anayelipakia garini, anayelipanga mezani, na anayelisoma kwa sauti ili wenziwe wasikie. Katika miaka ninayotaka kuieleza, kila mmoja wao alikuwa na lake la kuogopa. Mimi nilikuwa wa mezani.

Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 1987, ami, ndugu yake baba, alinichukua nimsaidie kuuza magazeti Barabara ya Digo, Mombasa, hatua chache kutoka Posta. "Kusoma umesoma," aliniambia, "sasa uza vya kusomwa." Ami ameshatangulia mbele ya haki, na wengi waliokuwa wakinunua kwetu wamemfuata. Nayaandika haya kwa kuwa sioni nani mwingine aliyebaki wa kuyaandika.

Kazi ilianza alfajiri. Magazeti yalichapwa Nairobi usiku yakateremshwa pwani kwa gari, nasi tukitoka msikitini tulikwenda moja kwa moja kwa wakala kuhesabiwa fungu letu. Palikuwa na Nation, Standard na Kenya Times, hilo la mwisho likiwa la chama tawala cha KANU. Ya Kiswahili yalikuwa Taifa Leo na Kenya Leo. Tuliyapanga mezani tukayawekea mawe yasipeperushwe na kusi. Faida ilikuwa ndogo kwa kila nakala. Yaliyobaki jioni yalirudishwa kwa wakala na kutolewa kwenye hesabu, lakini yaliyopotea, kuibwa au kulowa mvua yalikuwa deni letu. Naomba msomaji aishike kanuni hiyo, maana baadaye ndiyo iliyotuumiza kuliko pingu.

Magazeti makubwa yalikuwa na adabu zake. Redio ya serikali ilifungua taarifa kwa Mtukufu Rais, alikokwenda na aliyoyasema, na gazeti lililotaka kuishi halikwenda mbali na mpango huo. Lililosahau lilikumbushwa. Mwaka 1989 Nation lilifungiwa mlango wa Bunge kwa miezi kadhaa, waandishi wake wasiruhusiwe kuripoti vikao. Sisi tuliiona adhabu hiyo mezani: mteja alilichukua gazeti, akafunua kurasa alizozoea kuona habari za wabunge, akalirudisha na kuchukua jingine. Hakuna aliyepigwa wala kufungwa, lakini hasara iliingia.

Kwa hiyo habari zenye uzito zilihamia kwenye majarida madogo, yale yenye waandishi wachache na ofisi ya vyumba viwili. La kwanza kutufundisha hatari lilikuwa Beyond.

Beyond lilikuwa la Baraza la Kitaifa la Makanisa, na mhariri wake alikuwa Bedan Mbugua. Mwanzoni mwa mwaka 1988 palikuwa na mchujo wa wagombea wa KANU kwa njia ya mlolongo. Wapiga kura walijipanga foleni nyuma ya wagombea wao au mawakala wao, hadharani, wakahesabiwa. Barazani watu walisimulia walivyouona mstari mrefu ukitangazwa kushindwa na mstari mfupi. Kila mtu alikuwa na kisa chake, ila hakuna aliyekikuta kimeandikwa. Kisha Beyond likatoa toleo zima juu ya wizi wa kura. Fungu tulilopewa halikufika adhuhuri. Wazee wa mtaa wa Kibokoni, ambao maishani mwao hawakuwahi kugusa karatasi ya kanisa, walikuja mmoja mmoja wakiuliza kwa sauti ya chini, "Lile la makasisi lipo?"

Haukupita muda likapigwa marufuku. Nilidhani maana yake ni kwamba halitachapwa tena. Mteja wetu mmoja, karani wa wakili, ndiye aliyetufafanulia. Marufuku ilishika matoleo yote, yaliyokwisha kutoka na yatakayotoka, na kosa halikuwa kuandika tu wala kuuza tu. Kuwa nalo lilikuwa kosa. Nakala uliyoinunua mchana kweupe mwaka uliopita, ukailipia na kuisahau chini ya godoro, ilikuwa imekugeuza mhalifu nawe umelala. Ami alikuwa na tabia ya kujiwekea nakala moja ya kila jarida. Jioni ile mkewe alizitoa zote kabatini, hakumuuliza mtu, akaziingiza jikoni chini ya sufuria moja baada ya moja. Tulikula wali uliopikwa kwa Beyond, na ami hakusema neno mpaka sahani zilipoondolewa.

Mbugua mwenyewe alishtakiwa. Hakushtakiwa kwa aliyoyaandika juu ya kura, maana hapo serikali ingelazimika kubishana naye juu ya foleni zilizoonwa na nchi nzima. Alishtakiwa kwa kutowasilisha taarifa za mauzo zinazotakiwa kila mwaka, akahukumiwa kifungo cha miezi tisa. Barazani tulijifunza hapo jinsi mambo yanavyoendeshwa. Mwandishi hatafutiwi uongo katika maandishi yake. Hutafutiwa fomu ambayo hakuijaza.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Financial Review, jarida la mambo ya biashara lililohaririwa na Peter Kareithi. Nalo likapigwa marufuku. Safari hii mke wa ami hakungoja gazeti litangaze. Alisikia redioni, akawasha jiko.

Majarida haya yote yalikuwa ya Kiingereza, na wengi wa waliotaka kujua yaliyomo hawakuwa na Kiingereza cha kutosha. Hapo ndipo lilipoingia baraza. Palikuwa na mwalimu mstaafu Mji wa Kale aliyekuwa akikaa na wenziwe kila baada ya sala ya alasiri. Muuza kahawa akifika na buli lake, vikombe vikipita, mwalimu alitoa miwani na kuanza. Hakusoma Kiingereza. Macho yake yalipita kwenye Kiingereza na mdomo ukatoa Kiswahili kizuri, taratibu, bila kukwama, pamoja na majina ya kesi na vifungu vya sheria. Nakala moja iliyotoka mezani petu ilisikilizwa hivyo na watu ishirini au thelathini, nao wakaibeba vichwani hadi bandarini, sokoni na kwenye matatu za Likoni. Siku za taarifa ya BBC au ya Sauti ya Ujerumani, redio iliwekwa katikati na mwalimu akapumzika. Mgeni akipita, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mpira. Mgeni akikaa, mwalimu aliikunja karatasi na kuikalia.

Jarida alilolipenda kuliko yote lilikuwa Nairobi Law Monthly, lililoanzishwa na wakili Gitobu Imanyara mwaka 1987. Ukilitazama kwa nje ungesema ni la wanasheria peke yao, lenye hukumu ndefu, vifungu na majina ya Kilatini. Lakini ndani yake mlikuwa na waliyokuwa wakisema wenye kutaka vyama vingi, bila kufinyangwa. Mwaka 1990 ulikuwa mzito. Februari aliuawa waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko. Julai ikaja Saba Saba, mkutano wa Kamukunji uliokatazwa, na fujo zilizofuata. Imanyara alikamatwa mwezi huohuo. Septemba jarida lake likapigwa marufuku, na Oktoba Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku hiyo.

Kwenye vitabu vya historia mambo huishia hapo: serikali ilikataza, mahakama ikaruhusu. Barabara ya Digo amri ya mahakama ilichelewa kufika. Siku chache baada ya uamuzi ule kachero mmoja alisimama mezani akaniuliza kama tuna lile la mawakili. Nilimfungulia Nation nikamwonyesha habari yenyewe, kwamba korti imeruhusu. Aliisoma mpaka mwisho, akalikunja gazeti vizuri, akalirudisha mahali pake. "Korti hiyo iko Nairobi," akasema. "Hapa niko mimi."

Kachero huyo tulimzoea. Hakuwahi kulipa, kila toleo alichukua nakala moja "ya faili". Ami aliamini kwamba hakuna mteja wetu aliyelisoma jarida kwa makini kama yeye, kwa kuwa mara nyingine alirudi kuuliza kama toleo la mwezi uliopita bado lipo. Alikuwa na kazi yake na alikuwa na hamu yake, na sisi tulipaswa kuviogopa vyote viwili.

Kuficha kulikuwa na ufundi. Jarida lilikunjwa katikati ya Taifa Leo, tena kurasa za katikati, kwa sababu anayepekua haraka hufunua mbele na nyuma. Jarida zima lilikuwa na karatasi ngumu juu yenye picha na rangi, na askari wengi walilijua kwa sura hiyo tu. Ami alichukua kisu kidogo akazinyanyua pini mbili za mgongoni, akalivua jalada, akazirudisha pini kwa kidole gumba. Lililobaki lilikuwa rundo la kurasa nyeupe zenye maandishi meusi, lisilo jina wala uso, na kulitambua ungetakiwa ulisome. Majalada aliyachanachana na kuyatia kwenye maji ya kufulia. Wateja wetu hawakutaja jina la jarida. Walisema, "Mzee, nipe Taifa nzito." Ami alimtazama anayeomba, akiridhika alitoa kutoka chini ya meza, asiporidhika alimpa Taifa ya kawaida akamtoza bei ya kawaida. Mara nyingi aliyepewa nyepesi alielewa, akaenda zake bila kubisha.

Waliokosa walikwenda kutoa fotokopi. Maduka ya fotokopi ya mjini yalikataa, mengine yalibandika ukutani kwamba hayatoi nakala za machapisho. Ilibidi kumtafuta mwenye ndugu ofisini, mahali penye mashine, saa ya chakula cha mchana wakubwa wakiwa wametoka. Nimeziona fotokopi zilizotolewa kutoka fotokopi nyingine, maandishi yamefifia pembeni kiasi kwamba mwanzo wa kila mstari ulikuwa wa kubahatisha, na watu wakazilipia.

Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilifutwa. Tukajua kwamba sasa tutauza juu ya meza. Majarida yaliongezeka na yakachangamka. Society la Pius Nyamora na Finance la Njehu Gatabaki yalitoka na majalada ambayo miaka mitatu nyuma mtu asingethubutu kuyaota. Lakini sheria ya uchochezi ilibaki ilipokuwa, na polisi wakabadili mbinu. Badala ya kulipiga jarida marufuku kwa tangazo la serikali, jambo ambalo sasa lingezua kelele na kesi, walilingoja litoke kiwandani, wakatwaa maelfu ya nakala, wakanyamaza. Mchapishaji alikuwa ameshalipa karatasi, wino, kiwanda na mishahara, na alibaki bila kitu cha kuuza. Mwenye jarida dogo alihitaji mapigo machache tu ya namna hiyo.

Mwezi wa Aprili 1992 habari zikatufikia nyumbani kwetu. Nyamora, mkewe Loyce waliyeendesha naye jarida, pamoja na wafanyakazi wao, walikamatwa, wakaletwa Mombasa kushtakiwa kwa uchochezi. Ofisi ya Society ilikuwa Nairobi. Jarida lilichapwa Nairobi. Wao waliishi Nairobi. Watu waliulizana kwa nini Mombasa, na baada ya wiki chache jibu likajionyesha lenyewe. Kila wito wa kufika ulikuwa safari ya karibu kilomita mia tano kuja na mia tano kurudi, na nauli, na malazi, na wakili ambaye naye ni wa kusafirishwa, huku jarida likingoja wahariri wake. Hukumu haikuwa na haja ya kuja. Safari zilitosha.

Nilikwenda mahakamani, upande ule wa Ngome ya Yesu, pamoja na wauzaji wenzangu wachache. Tulikuwa tumeyauza majina yao kwa miaka, tukataka kuziona sura. Askari hawakuturuhusu tusogee. Nilichokiona ni watu wazima waliovaa kama watu wa ofisini, mume na mke wakitembea karibu karibu, wakiingizwa mlangoni kwa haraka. Mwenzangu mmoja alisema kwa mshangao, "Kumbe ni watu wa kawaida." Sijui alitarajia nini. Nadhani sote tulitarajia watu wakubwa zaidi kimaumbile, kwa sababu ya ukubwa wa waliotumwa kuwakamata.

Mwaka huo ulikuwa wa moto Mombasa. Chama cha Kiislamu cha IPK kilinyimwa usajili, na kuanzia Mei vijana na polisi walipambana mitaani. Katika joto hilo polisi walianza kusafisha meza. Walikuja kwetu asubuhi, meza imejaa, watu wako kwenye mistari ya Posta wakitazama. Walikuwa askari kanzu wawili na wa sare mmoja. Hawakuuliza. Walichukua gazeti moja moja wakalishika kwa mgongo na kulikung'uta, kurasa zikielekea chini. Matangazo yaliyochomekwa ndani yakaanguka, kuponi zikaanguka. Walipofika kwenye Taifa ya tano au ya sita, zile kurasa zisizo jalada zikatoka, zikapiga lami kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo.

"Mzee, hii imetoka wapi?"

"Imeshuka na gari, bwana afande."

"Gari la nani?"

"La magazeti."

"Nani alikuambia uifiche?"

Ami alimtazama, akasema, "Afande, mimi nina meza moja. Vyote hupandana."

Wakamchukua. Mimi waliniacha, kwa sababu ambayo sikuielewa wakati ule na ambayo sasa naifahamu: walitaka nibaki nikiogopa, na niwaambie wenzangu. Walichukua meza nzima, jarida na magazeti halali, Taifa na Kenya Times ya chama chao wenyewe, wakatia vyote kwenye gunia. Hawakuandika orodha. Hawakutoa risiti.

Kituoni hawakutaka kujua jarida linasema nini. Ami alitueleza baadaye kwamba hakuna aliyemtajia hata habari moja iliyomo. Walitaka majina. Nani anapakia Nairobi, dereva ni nani, nani huja kununua, mwalimu yupi, shehe yupi, wakili yupi. Walimweka siku kadhaa, wakimtoa na kumrudisha, mara kwa maneno laini mara kwa matusi, na kumkumbusha kwamba ana watoto wa shule. Hakupigwa, au ndivyo alivyotuambia. Majina hakutoa, ila hakujisifia hilo hata siku moja. "Ningemtaja nani?" alisema. "Wote huniambia nipe Taifa." Akaachiliwa bila shtaka, bila karatasi, bila gunia.

Hapo ikaja ile kanuni ya hesabu. Zilizobaki hurudishwa, zilizopotea ni deni. Magazeti ya meza nzima hayakuwa yamebaki wala hayakuwa yameuzwa, na wakala alitaka fedha zake, kwa sababu naye alidaiwa Nairobi. Hakuwa mtu mbaya, alikubali alipwe kidogo kidogo. Polisi nao hawakuwa na haja ya kumshtaki ami mbele ya hakimu, maana walishamhukumu kwa hesabu. Baraza la Mji wa Kale lilimchangia. Mwalimu mstaafu alipita na bahasha mkononi, nyumba kwa nyumba, na katika bahasha ile mlikuwa na noti za watu ambao hawakuwahi kufika mezani petu, ila walikunywa kahawa huku wakisikiliza.

Kwa miezi kadhaa ami aliuza magazeti mepesi tu. Sikumlaumu wala hakuna aliyemlaumu. Karibu na uchaguzi wa Desemba 1992, mtu mmoja alisimama akasema, "Mzee, nipe Taifa nzito." Ami alikaa kimya, kisha akaniambia, "Mtolee."

Mwaka uliofuata tulielewa kwamba ngazi nzima ilikuwa inabanwa, kuanzia juu hadi chini. Mwishoni mwa Aprili 1993 polisi walivamia kiwanda cha Fotoform jijini Nairobi, kilichokuwa kikichapa majarida hayo, wakang'oa sehemu za mitambo wakaenda nazo. Mtambo wa kuchapa ukinyofolewa kipande kimoja tu hulala. Kwetu pwani matokeo yalikuwa matoleo yaliyochelewa, mengine yakaja membamba, mengine hayakuja kabisa, kwa kuwa wenye viwanda vingine waliona yaliyompata mwenzao na kila mmoja akasema mitambo yake ina kazi nyingi. Mhariri jasiri asiye na mchapaji ana nini cha kumpa muuzaji? Nyamora hatimaye alikwenda kuishi Marekani. Mbugua, yule wa Beyond, alirudi kama mhariri wa gazeti la The People, na mwaka 1994 akafungwa tena, yeye na mwandishi David Makali, safari hii kwa kuidharau mahakama. Imanyara alikuwa ameshapata tuzo ya kimataifa ya Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru mwaka 1991. Ami alifurahi kama ameipata yeye, akalikata tangazo hilo gazetini na kulibandika ndani ya mlango wa kabati, pale palipokuwa Beyond.

Niliiacha meza katikati ya miaka ya tisini nikaajiriwa kwingine, lakini macho yangu hayakuacha. Mwaka 1997 kosa la uchochezi lilifutwa katika sheria. Mwaka 2002 sheria ya vitabu na magazeti ilibadilishwa, na dhamana ambayo mchapishaji hutakiwa kuiweka ikapandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi milioni moja, na muuzaji wa gazeti lisilotimiza masharti akakumbukwa kwa adhabu yake. Machi 2006, chini ya serikali iliyoingia kwa ahadi ya mabadiliko, watu waliojifunika nyuso walivamia gazeti la Standard na kituo cha televisheni cha KTN usiku, wakachoma magazeti yaliyokuwa tayari kutoka. Niliiona picha ya majivu yale nikayafikiria magari yaliyoondoka kiwandani matupu, na meza zilizongoja asubuhi.

Katiba ya 2010 ina kifungu cha 34 kinacholinda uhuru wa vyombo vya habari, na ni kifungu kizuri. Hata hivyo Januari 2018 vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa kwa siku kadhaa kwa sababu ya kuonyesha kiapo cha aliyekuwa kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, na Juni 2025 mitambo ilizimwa tena vijana wakiwa barabarani, mpaka mahakama ilipoingilia. Wanaozima wamebadilika, vyama vimebadilika, hata mitambo imebadilika. Kinachoshikwa ni kilekile: njia ambayo habari hupita kwenda kwa mtu.

Wajukuu wangu huniuliza kwa nini ami hakuuza sigara na peremende tu akaishi kwa amani. Hawakumjua. Hakuwa mwanasiasa na sikumsikia akitaja demokrasia. Alikuwa muuzaji aliyeamini kwamba mteja akilipa apewe anachokitaka, na kwamba serikali haina haki ya kuchagua bidhaa ya meza yake. Kwa mtu wa meza imani hiyo ilikuwa kubwa ya kutosha.

Siku hizi meza za magazeti Barabara ya Digo ni chache, na habari hupita kwenye simu. Watu hudhani kwa hiyo muuzaji amekwisha. Hajakwisha. Muuzaji sasa ni wewe unayeipokea habari na kuisukuma kwa watu wa kikundi chako cha WhatsApp. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 iliweka vifungu vya kumwadhibu anayechapisha habari zinazosemwa kuwa za uongo, na kuchapisha leo ni kubonyeza kidole. Adhabu iliyokuwa ikimngoja ami chini ya meza imekuhamia mfukoni.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa msomaji. Kila wanapoleta mswada wa vyombo vya habari, wanasheria na wahariri watabishana juu ya mwandishi, na ni vyema wabishane. Wewe usiishie hapo. Utafute mstari unaomtaja anayeuza, anayesambaza na anayekutwa na chapisho, usome adhabu yake, kisha umpigie mbunge wako simu kabla mswada haujapita. Sisi tuliusoma mstari huo baada ya kupita, na tuliulipia.